Dhahabu ya Kuazima Mbele ya Hakimu

Mtu akiingia ofisini, msimuulize kesi yake. Mpeni maji kwanza.

Najua mtaona ni jambo dogo. Hata mimi niliona hivyo, na siku zangu za mwanzo nilikuwa na kalamu mkononi kabla mteja hajaketi. Lakini mtu aliyetembea juani kutoka Mtongwe, akiwa na jambo lililomnyima usingizi, ukimwuliza papo hapo atakupa kile kilicho karibu na ulimi, na mara nyingi hicho si kesi. Mpeni maji. Mwulizeni habari za nyumbani, naye akiwauliza zenu mjibu mpaka mwisho. Sisi watu wa pwani hatuwezi kumwambia mtu ambaye hata hajatujulia hali kwamba mume ametufukuza. Salamu zikiisha atashusha pumzi, na hapo ndipo kazi yenu inapoanza.

Wenzangu wananiita mstaafu. Sijafika hata miaka thelathini, lakini hapa ofisini petu Likoni kila anayeondoka huwaachia wanaoingia maneno yake, na kwa kuwa mwezi huu naenda Nairobi kusomea uwakili, zamu imenifikia. Nimeandika mwanzo wa haya mara nyingi nikafuta. Nilihofia kwamba mtaniona najifanya mzee. Kisha nikahofia kwamba nisipojifanya mzee hamtanisikiliza. Bi Zuhura, wakili anayetuongoza, aliniambia niandike kama ninavyozungumza ila nipunguze wasiwasi. Nimeweza la kwanza.

Ofisi mnaijua: chumba kimoja juu ya duka la nafaka, feni moja, viti ambavyo havifanani. Wanaokuja ni watu ambao wakili wa mjini hawamwezi. Wengine huchangia kidogo, wengine hawatoi kitu, na wengine huleta maembe. Nilipomaliza chuo kikuu nilidhani nitakaa hapa muda mfupi nikitafuta kazi ya kweli. Kila jioni nilirudi nyumbani Port Reitz nikijiuliza kama jibu nililompa mtu mchana lilikuwa sahihi, na usiku niliamka kufungua tena kitabu cha sheria. Sasa ninaondoka, na nasema bila aibu kwamba kazi ya kweli ilikuwa hii.

Andikeni barua fupi. Kulikuwa na kijana wa Changamwe aliyeachishwa kazi kwenye ghala moja, na mwajiri akakataa kumpa cheti cha utumishi, kile kinachoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Bila cheti hakuna aliyetaka kumchukua. Nilimwandikia mwajiri kurasa nne, kesi za nyuma na vifungu vya sheria vimepangwa kama matofali, na niliipenda barua ile. Bi Zuhura aliisoma yote, kwa heshima, kisha akachukua karatasi nyingine akaandika mistari minne: sheria inataka nini, kijana anataka nini, tutakwenda wapi asipopata, na tarehe.

"Na zile kesi nilizotaja?" nikamwuliza.

"Ziweke. Akitujibu vibaya tutamrushia. Mtu hutishwa na kile alichomaliza kukisoma."

Cheti kilikuja. Zile kurasa nne ninazo mpaka leo, maana kuzitupa naona haya.

Pia jifunzeni kusikiliza sauti za simu. Waliotutangulia walikuwa wakipanga foleni masjala ya mahakama tangu alfajiri kufungua faili. Siku hizi tunafungua kesi kwa kompyuta, na wateja nao hawaandiki, wanatuma sauti kwa WhatsApp. Mama mmoja wa Kisauni hunitumia sauti ndefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Huanza na salamu, huuliza habari za mama yangu, hukatizwa na mtoto, humkemea mtoto, husahau alipofikia, na kesi huja mwishoni kabisa, sekunde chache kabla hajaniombea dua. Msiziruke. Siku niliyoruka ndiyo siku aliyosema mume amekubali kurudisha watoto.

Na mkienda mitaani kufundisha, jiandaeni. Kule Junda nilisimama mbele ya kikundi cha akina mama nikaeleza haki za matunzo ya watoto kwa muda mrefu na kwa lugha safi. Nilipomaliza, mama mmoja aliinua mkono.

"Mwalimu, wewe umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi keti tukueleze, halafu utatueleza."

Walicheka mpaka mwenyekiti wao akashindwa kuendesha kikao. Niliketi. Saa hiyo hiyo maswali ya kweli yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, na niliyajibu nikiwa nimeketi. Tangu siku ile sifundishi nikiwa nimesimama.

Lakini niliyetaka kuwaeleza hasa ni Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo ni mjane wa Bofu. Asubuhi huuza viazi vya karai na bajia mlangoni kwake. Nyumba aliijenga yeye na marehemu mumewe, chumba baada ya chumba, ila ardhi iliyo chini yake haikuwa yao. Wale miongoni mwenu mliotoka bara mtashangaa, lakini huku kwetu kuna nyumba bila ardhi. Mwenye ardhi hukuruhusu ujenge, nawe unamlipa kodi ya kiwanja. Kuta na paa ni vyako, mchanga ni wake. Watu wamezaliana na kuzikana katika nyumba hizo bila mtu kufikiria itakuwaje siku ardhi ikiuzwa. Kisha mzee mwenye ardhi akafariki, watoto wake wakauza, na mnunuzi akabandika karatasi mlangoni mwa Bi Mwanakombo: aondoe nyumba yake kabla ya mwezi kwisha, la sivyo itabomolewa.

"Niiondoe niipeleke wapi?" aliniuliza siku ya kwanza, karatasi iko mapajani. "Niikunje kama mkeka?"

Sheria haimruhusu mnunuzi kufanya hivyo ghafla. Anatakiwa kutoa ilani ya miezi mitatu, na mwenye nyumba ana haki ya kwenda kortini akalalamike. Lakini kufungua kesi kunataka ada, na Bi Mwanakombo hakuwa nayo. Ilibaki njia moja: kuomba kufungua kesi bila kulipa, ombi ambalo sheria bado inaliita la mtu maskini. Mwombaji husimama mbele ya hakimu, akaulizwa ana nini na hana nini, na upande wa pili unaruhusiwa kumpinga. Ombi likikataliwa, hakuna kesi, na pasipo kesi hakuna wa kulizuia tingatinga. Mwezi ulikuwa unakaribia ukingoni.

Nilimwandaa kama mtoto wa mtihani. Nilimwuliza kila nililoweza kufikiria. Ana shamba? Ana akaunti ya benki? Ana mtoto Uarabuni anayemtumia? Ana ng'ombe?

"Ng'ombe Bofu?" alisema. "Mwanangu, maswali yako hayaishi."

Nilipomsomea hati ya kiapo, alinizuia nilipofika kwenye lile neno.

"Maskini. Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo sheria inavyosema, mama."

"Haya. Maneno hayo ni yenu." Akatia sahihi polepole, kwa herufi kubwa, bila kuniangalia.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilipitia maswali yote tena, nikaongeza mengine. Niliwaza kuhusu mvua, kuhusu kivuko kuharibika, kuhusu faili kupotea. Jambo lililotokea halikuwamo katika yote niliyoyawaza.

Tulikubaliana kukutana upande wa Likoni, kabla ya kuvuka kwenda mahakamani mjini. Mimi na Bi Zuhura tulifika mapema. Tukamwona Bi Mwanakombo anakuja, na kwa kweli kwanza sikumtambua. Alivaa buibui lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Miguuni ana hina mbichi, na viatu vyenye visigino. Udi ulimtangulia. Na mikononi, kila alipoinua mkono kujifunika, dhahabu: bangili tatu huku, tatu huku, pana, za kizamani. Nyuma yake walikuja jirani zake wawili. Bi Saumu, mtu mzima kama yeye, mwenye sauti nzito; na Mama Kahindi, Mgiriama anayeuza makaa, amevaa gauni lake la kanisani.

"Shikamooni," nilisema, macho kwenye bangili.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka? Hukunywa chai?"

Nilimvuta Bi Zuhura kando.

"Anakwenda kuapa kwamba hana kitu," nikamnong'oneza. "Tazama mikono."

"Nimeiona."

"Nimwambie avue?"

Bi Zuhura alinitazama kama mtu anayetazama kiatu kilichoachwa msikitini. "Umvue mtu mzima bangili mbele ya watu? Wewe umelelewa na nani?"

"Basi azifunike."

"Azifunike ili aonekane ameficha? Kadzo, twende. Akiulizwa atasema."

Ndani ya kivuko nilijaribu kwa njia yangu. Nikasimama karibu naye nikasema, "Bi Mwanakombo, bangili hizo..."

"Nzuri, eeh?"

"Nzuri mno," nikasema, na nikageuka kutazama maji hadi upande wa pili.

Mahakamani, wakili wa mnunuzi alikuwa kijana nadhifu, mwenye heshima, na hakuwa mjinga. Alimtazama Bi Mwanakombo alipopanda kizimbani, akafunga faili lake. Alipofunga faili nilijua. Maswali yake aliyoyaandaa hakuyahitaji tena.

"Mama, umeapa kwamba huna uwezo wa kulipa ada ya mahakama."

"Nimeapa."

"Mkononi umevaa nini?"

"Bangili."

"Za nini?"

"Za kuvaa."

Watu wakacheka. Hakimu, mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliinua kichwa na kicheko kikakatika.

"Ni za dhahabu?"

"Kwani wewe huoni? Dhahabu."

"Mheshimiwa," wakili akageuka, "mwombaji anaiambia mahakama kwamba ni maskini, na hapo alipo amevaa dhahabu inayoweza kulipa ada hii na chenji ikarudi. Tunaomba ombi hili litupwe."

Mimi siruhusiwi kusema mahakamani. Nilikuwa nimeketi nyuma ya Bi Zuhura, nimeshika ukingo wa benchi, na kichwani nikaiona nyumba ya Bofu ikianguka, chumba baada ya chumba. Bi Zuhura alianza kuinuka, lakini Bi Mwanakombo alimtangulia.

"Mimi sikusema ni maskini," alisema. "Hilo waliliandika wao. Mimi nilisema sina pesa za korti."

Nilifumba macho. Tulikuwa tumewasilisha ombi la mtu maskini, na mwenyewe amelikana mbele ya hakimu.

"Mama," hakimu akasema taratibu, "bangili hizo ni zako?"

"Hapana, mheshimiwa. Za Bi Saumu."

"Bi Saumu ni nani?"

"Mimi hapa." Sauti nzito ilitoka nyuma kabisa. Bi Saumu alikuwa amekwisha kusimama. "Ni zangu, mheshimiwa, nilitolewa mahari. Nimemwazima leo, na nimemwambia awe macho nazo kwenye kivuko."

Wakili wa mnunuzi akapinga, kwamba mtu hawezi kutoa ushahidi akiwa kwenye benchi. Hakimu akamkubalia, akaamuru Bi Saumu aje mbele aape. Akaja, akashika msahafu akaapa, akarudia maneno yale yale, na akaongeza kwamba yule kijana akitaka kuzikagua, kwa ndani zimekwaruzwa alama yake.

"Na viatu?" wakili aliuliza. Nadhani alitaka mzaha wa kujiokoa.

"Hivyo ni vyangu," Mama Kahindi akasema, naye yuko njiani tayari, hajaitwa, gauni la kanisani linafagia sakafu. Akapewa Biblia. "Vyangu vya Pasaka. Vinambana, mheshimiwa. Mtazame anavyosimama."

Sote tukatazama. Kweli, Bi Mwanakombo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, wa pili anaupumzisha.

Hakimu alivua miwani. "Na buibui?"

"Hili ni langu," Bi Mwanakombo akasema. Alilishika kifuani. "Hili langu mwenyewe."

"Sasa niambie, mama. Ulikuja kuniambia huna kitu. Kwa nini uliazima dhahabu?"

Bi Mwanakombo alimtazama kwa mshangao wa kweli. Ni sura aliyonipa mimi nilipotaja ng'ombe.

"Mheshimiwa, umeniita. Nije mbele yako na kanga ya jikoni? Wewe ungejionaje? Na hawa majirani zangu, ningewaaibisha. Watu wangesema Bofu hakuna watu."

Hakuna aliyecheka. Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Nilijaribu kusoma mkono wake kwa mbali, nikihesabu kwamba "limekataliwa" lingekuwa fupi zaidi ya hayo. Kisha akasoma: kwamba mahakama imeviona vitu vya mwombaji, na imeonyeshwa kwa kiapo ni vya nani, kwamba kuvaa vizuri kuja mahakamani si ushahidi wa utajiri, na kwamba ombi limekubaliwa. Kesi ifunguliwe bila ada, na nyumba isiguswe mpaka isikilizwe.

Nje, kwenye ngazi, Bi Saumu alizichukua bangili zake papo hapo akazihesabu. Mama Kahindi akachukua viatu, na Bi Mwanakombo akavuka kurudi Likoni amevaa ndala za Mama Kahindi, Mama Kahindi amevaa viatu vyake vya Pasaka, analalamika kwamba vimepanuliwa. Bi Zuhura alitembea kando yao, faili kwapani. Sijapata kumwona akitembea vile, kama mtu aliyetoka harusini kwa mwanawe.

Nimesikia kwamba zipo ofisi ambazo wateja huambiwa waje na nguo kuukuu siku kama ile, waache saa na pete nyumbani, wainamishe kichwa. Mbinu hiyo hufaulu, sitawadanganya. Nimeipima sana, kwa sababu napima kila kitu: je, kama hakimu angekuwa mwingine? Je, kama Bi Saumu asingekuja? Pengine tungeshindwa, na mimi ningekuwa naandika maneno mengine. Hata hivyo nawaomba msimwambie mtu ajidhalilishe ili asaidiwe. Mwambieni aje na watu wake. Mwulizeni mapema alichovaa ni cha nani, na mwenye nacho aje pia, na aje na kitambulisho. Hiyo ni sehemu ya kazi kama ilivyo hati ya kiapo. Sasa kwenye orodha yetu ya maswali, chini ya shamba na akaunti, kuna swali hilo, na niliyeliweka ni mimi.

Kesi yenyewe haikufika mbali. Mnunuzi, alipoona nyumba haiwezi kuguswa na kwamba majirani wengine wa mstari ule nao wanakuja ofisini kwetu mmoja mmoja, alikubali upatanishi. Tulikaa kwenye chumba kidogo cha mahakama, Bi Mwanakombo safari hii amevaa vyake mwenyewe, na mnunuzi akaonekana kuwa mtu wa kawaida tu, aliyeuziwa ardhi akaambiwa ni tupu. Walielewana kwamba nyumba itabaki, na Bi Mwanakombo atamlipa kodi ya kiwanja kama alivyomlipa mzee. Ikiwa siku moja mnunuzi ataitaka ardhi, atamlipa kwanza thamani ya nyumba, na kiasi hicho hakitapangwa naye peke yake. Hakimu akayaweka makubaliano hayo kuwa amri ya mahakama.

Nakala ya amri niliipeleka Bofu mwenyewe. Ningeweza kuituma kwa simu, lakini nilikuwa nimekwisha kuisoma mara nyingi nikitafuta kosa, na sikuliona, na nikataka kumkabidhi mkononi. Nilipokata kona nilifikiri nimepotea mtaa. Tangu karatasi ya mnunuzi ibandikwe, Bi Mwanakombo hakuwa amegusa nyumba ile hata kwa msumari, na lipu ya mbele ilikuwa imeanguka vipande. Sasa mbele yote ilikuwa imezibwa, na yeye yuko juu ya stuli, kanga kiunoni, brashi mkononi, anapaka chokaa.

Nilimwamkia. Nikamwonyesha karatasi, na nikaanza kumweleza kifungu cha kwanza, na cha pili, na nini kitatokea kama mnunuzi naye akiuza. Alisikiliza akiendelea kupaka. Nilichoka kusimama juani, nikarudi nyuma hatua moja kutafuta kivuli cha paa.

"Usiegemee ukuta, mwanangu," alisema. "Bado mbichi."